Henry George na swali la bei ya udongo: faida ni ya nani?

Katika makanisa yetu ya mashariki ni vigumu juma moja kupita bila mchungaji kuitwa kwa neno la parsele. Ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani tena kwa sababu ya kiwanja ambacho marehemu baba yao alikipata kwa mbuzi wachache, na ambacho leo watu wanakitafuta kwa maelfu ya dola. Kiwanja ni kilekile. Hakuna aliyekiongezea hata jiwe. Lakini barabara imepita karibu, soko limesogea, mashirika yamekuja kutafuta nyumba za kupanga, na watu waliokimbia vita wamejaa mjini. Bei imepanda wenye kiwanja wakiwa wamelala. Tumekaa katika mabaraza mengi ya namna hiyo, na kila mara tunauliza ni nani mwenye karatasi. Mara chache tunauliza jambo lingine: hiyo bei iliyoongezeka ilitoka kwa nani?

Kuna mtu aliyeuliza jambo hilo karibu maisha yake yote. Alikuwa Mmarekani, hakuwa mchungaji wala profesa, na aliacha shule kabla ya kutimiza miaka 14. Jina lake ni Henry George.

Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1839 katika mji wa Philadelphia, mtoto wa pili katika jamaa ya watoto kumi. Baba yake aliwahi kuchapisha na kuuza vitabu vya kanisa la Episkopali, kisha akawa mwandishi katika ofisi ya duane. Ilikuwa nyumba ya sala na ya Biblia, na feza haikuwa nyingi. Kijana hakuvutiwa na kazi za ofisini. Mwaka 1855, akiwa na miaka 15, alipanda merikebu iitwayo Hindoo kama baharia mdogo kabisa, wakaenda mpaka Melbourne na Calcutta. Alikuwa amesikia tangu utoto habari za utajiri wa India. Alipofika aliona majumba makubwa, na katika mto uleule aliona maiti zikielea. Alirudi nyumbani na tumbili mdogo na maswali ambayo hakujua bado kuyasema.

Baba yake alimtafutia kazi ya kupanga herufi katika chapa. Zamani kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha chuma laini, na mfanyakazi aliziokota moja moja mpaka mstari ukamilike. Ndiyo shule aliyopata. Mtu anayepanga maneno ya wengine kwa vidole, herufi kwa herufi, anajifunza pia ni sentensi gani imesimama na ipi imeanguka.

Mwaka 1858 alifika California akiwa na miaka 18. Watu walikuwa wakisema kwamba huko kila mtu anapata. Alikwenda kaskazini kufuata habari za dhahabu, akaishia kuuza dukani, akarudi San Francisco mikono mitupu. Tarehe 3 Desemba 1861 alimwoa Annie Fox, msichana yatima wa miaka 18 aliyezaliwa Australia, Mkatoliki. Mjomba wa msichana hakumtaka kijana asiye na kitu. Siku ya arusi bwana arusi alivaa nguo za kuazima.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Magazeti yalifunguliwa na kufungwa, na kazi ya chapa ilipatikana siku mbili ikapotea siku kumi. Mwezi wa Januari 1865 Annie alizaa mtoto wa pili. Daktari alipomwona mtoto alisema wasipoteze wakati kumwosha, wampe chakula, kwa maana alikuwa anakufa njaa. Ndani ya nyumba hapakuwa na chakula hata cha mama. George alitoka barabarani, akachagua mtu asiyemjua ambaye alionekana kuwa na uwezo, akamsimamisha na kumwomba dola tano. Yule mtu alimuuliza za nini. George akamwambia mke wake amejifungua na hakuna cha kumlisha. Yule mtu akampa. Miaka mingi baadaye George alikiri kwamba siku ile, kama angenyimwa, alikuwa amefikia mahali pa kuweza kumuua mtu.

Tunapenda wasomaji wakae kidogo na habari hiyo kabla hatujaendelea. Sisi wachungaji tunawahubiri vijana wanaoiba, na tunafanya vema. Lakini huyu alikuwa mtoto wa nyumba ya sala, hakuwa mlevi wala mvivu, alikuwa na ufundi mikononi na inchi iliyomzunguka ilikuwa mojawapo ya inchi tajiri duniani. Na bado alifika pale.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Aprili, Rais Lincoln aliuawa. George aliandika barua ya uchungu akaitia katika sanduku la gazeti ambalo yeye mwenyewe alikuwa akipanga herufi zake. Ilichapishwa, na mpangaji herufi akaanza kuitwa mwandishi. Mwaka 1868 aliandika makala juu ya reli iliyokuwa inakuja kutoka mashariki ya Marekani mpaka California. Wakati huo kila mtu alikuwa akishangilia reli kama tunavyoshangilia lami inapokaribia mji wetu. George aliandika kwamba reli italeta watu wengi na utajiri mwingi, lakini utajiri huo hautagawanyika. Wenye udongo na biashara kubwa watapanda juu, na anayeishi kwa mikono yake tu ataona mambo yanakuwa magumu zaidi. Tangu wakati ule hakuacha kuuliza kwa nini.

Gazeti lake lilimtuma New York kwa kazi ya habari za simu ya waya. Huko aliona kitu ambacho California bado ilikuwa haina: majumba ya mamilionea na, si mbali nayo, vyumba vya giza ambamo jamaa nzima zilijazana. Mji ulikuwa mkubwa zaidi, wenye mashine zaidi na elimu zaidi, na maskini wake walikuwa maskini kuliko wale wa huko alikotoka. Mchana kweupe, akitembea barabarani, aliona kwamba ameitwa, akaapa moyoni kutopumzika mpaka apate sababu.

Hapa tunapaswa kusema pia kosa lake. Mwaka 1869 aliandika katika gazeti kubwa la New York akiwashambulia Wachina waliokuwa wakija kufanya kazi California, kana kwamba wao ndio wanaomnyima mzungu mshahara mzuri. Maneno yake yalikuwa mabaya. Inashangaza, kwa maana wakati mfupi baadaye yeye mwenyewe ndiye atakayeeleza kwamba mgeni anayefika na kufanya kazi anaongeza thamani ya kila kiwanja cha mji. Sisi wa mashariki tunajua vizuri jinsi hasira ya udongo inavyogeuzwa na kutupwa juu ya mgeni. George aliona mbali, lakini katika jambo hilo hakuona.

Jibu la swali lake lilikuja mwaka 1870, juu ya mgongo wa farasi. Wakati huo alikuwa mhariri wa gazeti dogo la Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Reli ilikuwa imefika, na Oakland ndiyo ilikuwa mwisho wake. Siku moja alipanda vilima nje ya mji, farasi akachoka, akasimama apumue. Mwendesha mkokoteni alikuwa akipita. Kwa ajili ya kuongea tu, George akamuuliza udongo wa huko unauzwaje. Yule mtu akanyosha kidole mbali, kulikokuwa na ng'ombe wadogo kama panya kwa umbali, akasema kuna bwana pale anayekubali kuuza kidogo kwa dola elfu moja kwa eka.

Majani na ng'ombe tu! Hapakuwa na nyumba, kisima wala uzio wa maana. Bei ile haikutoka kwa yule bwana, wala kwa ng'ombe wake. Ilitoka kwa watu ambao walikuwa bado hawajafika, waliotegemewa kushuka katika reli na kutafuta mahali pa kujenga. Kabla hawajaanza kazi, sehemu ya jasho lao ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na mtu mwingine. George alisema baadaye kwamba jambo lote lilimjia mara moja, kama mwanga: mji unapokua, udongo unapanda bei, na yule anayefanya kazi juu yake lazima amlipe mwenye udongo zaidi na zaidi kwa ruhusa ya kusimama hapo.

Aliandika kijitabu mwaka 1871, akaanzisha gazeti la jioni, akalipoteza mwaka 1875. Gavana wa California akampa kazi ya kukagua mita za gesi, kazi isiyo na heshima kubwa ila iliyomwachia nafasi ya kusoma. Mwezi wa Septemba 1877, wakati wafanyakazi wengi wa Marekani walikuwa hawana kazi, alianza kuandika kitabu chake kikubwa, Progress and Poverty, yaani Maendeleo na Umaskini. Alikimaliza usiku mmoja wa Machi 1879. Alipoweka ukurasa wa mwisho alikuwa peke yake. Akapiga magoti akalia kama mtoto. Matajiri wa uchapishaji hawakukitaka. Rafiki yake mwenye chapa alikubali kusaidia, na George mwenyewe akarudi kwenye kazi ya ujana wake akapanga baadhi ya herufi kwa mkono. Nakala za kwanza zilikuwa 500 tu. Katika miaka iliyofuata kitabu hicho kilisomwa kwa lugha nyingi, na katika habari za uchumi ni vichache vya karne ile vilivyosomwa na watu wengi kama hicho.

Tueleze fundisho lake kwa namna ya kwetu. Mtu wa kwanza anafika mahali patupu. Anachukua shamba analotaka, nalo halina bei, kwa maana mengine kama hilo yako mengi. Anakuja wa pili akajenga karibu naye, kisha fundi wa chuma, mwenye duka, mwalimu, mkunga, mwenye kinu. Kila mmoja anaongeza kitu. Baada ya miaka shamba la yule wa kwanza liko katikati ya mji. Sasa hana haja ya kulima tena, anaweza kwenda kulala. Wanaomlipa ni walewale waliolifanya shamba lake kuwa na bei.

Basi George alisema tusimnyang'anye. Hati ibaki kwake, auze akitaka, awaachie watoto wake urithi. Lakini kila mwaka Serikali ichukue kwa njia ya kodi ile thamani ambayo udongo mtupu unaleta, nayo iwe mali ya wote: shule, maji, barabara. Na kodi zingine zote ziondolewe. Anayejenga nyumba nzuri asitozwe kwa sababu amejenga. Mwenye kuuza dukani asitozwe kwa sababu anauza. Mwenye kiwanja chenye majani katikati ya mji atalipa sawasawa na jirani yake aliyejenga ghorofa, kwa hiyo atajenga au atamwachia mwingine. Fundisho hilo likaitwa kodi moja.

Inchi yetu inafundisha jambo hapa. Tarehe 1 Julai 1885, George akiwa katikati ya safari zake za kuhubiri habari hizi, utawala wa Mfalme Leopold wa Pili ulitangaza kwamba udongo wote wa Congo usiokaliwa na mtu ni wa Serikali. Tunajua faida ya mpira ilikwenda kwa nani. Na sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, isiyouzwa kamwe. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Kwa maandishi hilo liko karibu na Mambo ya Walawi 25, ambamo Mungu anawakataza Waisraeli kuuza udongo wa milele kwa kuwa ni wake. Lakini bei ya parsele inapopanda, nyongeza yote inaingia mfukoni mwa mwenye sertifika, na wakati mwingine mwa yule aliyejua mapema barabara itapita wapi. George angesema tumechukua jina la mali na kuacha faida yake.

Walawi 25 aliijua vizuri. Mwaka 1878, kabla ya kumaliza kitabu, alitoa hotuba juu ya Musa mbele ya vijana Wayahudi wa San Francisco. Alionyesha kwamba sheria ya Yubile haikuwa sala tu. Ilikuwa mpango wa kuzuia watu walewale waliotoka utumwani Misri wasifanywe watumwa na ndugu zao kwa njia ya shamba. Ujanani imani yake ilikuwa imepoa. Ni swali hili la udongo lililoirudisha, kwa maana sasa aliamini umaskini ule haukutoka kwa Mungu, bali kwa sheria za watu.

Jambo moja linatusumbua. Mama mjane aliyeuza mihogo miaka kumi akanunua kiwanja mwaka jana kwa bei ya leo, naye atozwe thamani yote? George alijibu bila kuyumba kwamba hakuna fidia. Aliyenunua mtumwa kwa feza halali bado hakuwa na haki juu ya mtu. Mwingereza John Stuart Mill alikuwa amependekeza njia nyingine: udongo upimwe kwa bei ya leo, na jamii ichukue nyongeza ya kesho tu. George aliona hiyo ni ndogo mno. Sisi, tukimfikiria yule mama, tunaona Mill alikuwa karibu zaidi na huruma.

Mwaka 1880 George alihamia New York. Alikwenda Ireland, ambako wapangaji walikuwa wakifukuzwa mashambani, akakamatwa mara mbili na polisi mwaka 1882. Mwaka 1886 vyama vya wafanyakazi vilimwomba asimame kuwa meya wa New York. Alisema atakubali wakimletea majina 30.000 ya watu watakaompigia kura, wakaleta zaidi. Alipata kura 68.110, nyuma ya Abram Hewitt mwenye 90.552, na mbele ya kijana mmoja aitwaye Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais.

Padri Edward McGlynn wa parokia ya Saint Stephen alimsaidia wazi. Askofu mkuu wake alimkataza, padri akasema, akasimamishwa, na mwaka 1887 akatengwa na kanisa. Mwaka 1891 George alimwandikia Papa Leo wa 13 barua ndefu ya heshima kutetea fundisho lake, na mwaka 1892 McGlynn alirudishwa bila kulazimishwa kuyakana mawazo yake juu ya udongo.

Sisi Waprotestanti tusicheke. Kanisa la Trinity la New York, la madhehebu yaleyale aliyobatizwa George, lilipewa shamba na Malkia Anne mwaka 1705, nje ya mji wa wakati ule. Mji ulikuja kukaa juu ya shamba lile, na kanisa likawa tajiri sana kwa feza ya wapangaji. Sheria ya afya ilipotaka maji yafikishwe kwenye kila ghorofa la nyumba za maskini, Trinity ilikwenda mahakamani kukataa. Mwaka 1895 mahakama ya rufani iliamua kwamba kanisa liweke mabomba. Kanisa lililofundisha habari za kikombe cha maji baridi liliambiwa na mahakimu lipeleke maji juu. Na sisi tunazo konsesio za zamani za misioni, na viwanja vya parokia katikati ya miji. Tunavitumiaje, na wapangaji wetu wanalipa nini?

Desemba 1890 George alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Alipona kiasi. Mwaka 1897 walimwomba tena kusimama kuwa meya. Madaktari walimwonya kwamba kampeni inaweza kumuua, na binti yake Jennie alikuwa amefariki mwezi wa Mei mwaka uleule. Annie, aliyekuwa naye tangu siku za njaa, hakumzuia. Alihutubia mikutano kadhaa kwa usiku mmoja, na alfajiri ya tarehe 29 Oktoba, siku nne kabla ya kura, akafa. Alikuwa na miaka 58.

Makumi elfu ya watu walipita mbele ya jeneza lake Jumapili ile, wengi wao wafanyakazi wenye nguo zao za kazi. Waliosema kwenye maziko ni wachungaji wa Kiprotestanti, rabi mmoja wa Wayahudi, na Padri McGlynn. Alizikwa katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn. Mtoto wake mkubwa alisimama mahali pake katika kura, akashindwa.

Mwaka uliofuata Brooklyn na mitaa mingine iliunganishwa na New York kuwa mji mmoja. Mwaka 1904 ilifunguliwa reli ya chini ya ardhi kuelekea kaskazini, mahali palipokuwa bado na mashamba na viwanja vitupu. Wakati mafundi walikuwa wakichimba, wanunuzi walikuwa wamekwisha kutangulia kwenye sehemu ambapo vituo vingewekwa.